Uzi: Saa nne ya nahodha na saa nne ya mashine (uandishi wa programu na akili unde, kutoka Lamu)

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Nimesoma mabishano ya wiki hii kuhusu akili unde (AI) na kazi yetu ya kuandika programu. Kuna wanaosema kazi imekwisha, mzazi asipoteze karo kumsomesha mtoto kompyuta. Kuna wanaosema ni upepo tu, utapita. Mimi nakula kwa kazi hii hapa Lamu, mtaa wa Mkomani, mwaka wa kumi na moja huu, na kauli zote mbili sizioni mezani pangu. Ninachokiona ni kwamba kuandika msimbo, yaani maagizo yenyewe ya programu, kumekuwa rahisi mno. Kujua kiandikwe nini, na kujua kama kilichoandikwa ni sawa, ndiko kulikobaki kugumu, na ndiko tunakoacha kuwafundisha vijana. Nitaanza na kisa, kisha niseme linaloniuma.

Mwaka jana manahodha wachache wanaopakia abiria kutoka gati ya Lamu kwenda Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, waliniomba mfumo mdogo. Abiria atume ujumbe wa simu, mfumo uusome, umwekee nafasi, umpelekee ombi la kulipa kwa M-Pesa, na nahodha aone kwenye simu yake ana watu wangapi na mizigo gani. Zamani kazi kama hiyo ningeifanya wiki tatu, pengine nne. Siku ile nilikaa baada ya alasiri na mojawapo ya hivi vyombo vinavyoandika msimbo, nikakieleza ninachotaka, kikawa kinaandika nami nasoma na kurekebisha. Kufika isha mfumo unafanya kazi: hifadhidata, kurasa, ujumbe, na majaribio zaidi ya mia ya kuhakiki kila sehemu, yote yamepita. Nawaambia kweli, mikono ilinitetemeka. Furaha ilikuwapo na hofu ilikuwapo.

Asubuhi nikampelekea nahodha mmoja mzee pale gatini. Akavaa miwani, akaisogeza simu mbali kidogo, akasoma, kisha akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mbona abiria wangu wote wanaondoka saa kumi usiku?"

Abiria walikuwa wameandika "boti ya saa nne". Mashine ikaweka 04:00. Sina haja ya kuwaeleza nyinyi kosa liko wapi. Mtoto wa darasa la pili hapa analijua. Nikarudi, nikakiambia chombo kiongeze saa sita. Kikaongeza kila mahali, hata kwa vijana walioandika "10 asubuhi" kwa kuisoma saa ya simu, wakajikuta wamewekwa safari ya saa kumi jioni. Mwisho dawa yake ilitoka kwa yule mzee, haikutoka kwangu wala kwa mashine: boti yake haitoki kabla ya alfajiri na haitoki baada ya magharibi, kwa hiyo saa ikiandikwa pamoja na "asubuhi" au "jioni" huwa na maana moja tu, na isipoandikwa hivyo mfumo umuulize abiria, "asubuhi au jioni?" Basi.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba chombo kilipanga safari kila siku saa ile ile, kama basi la kwenda Mombasa. Boti yenye shehena haipiti Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakiwa yamekupwa. Maji yakijaa leo saa nne, kesho yatajaa kama saa tano kasoro dakika kumi, keshokutwa saa sita kasoro dakika ishirini, maana kila siku husogea kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hujaa sana na hukupwa sana. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo. Nahodha anayabeba hayo kichwani. Mimi nimezaliwa hapa na nayajua pia, ila sikuyataja nilipokuwa nakiagiza chombo, kwa sababu jambo unalolijua tangu utotoni hulioni kama jambo la kusema.

Na yale majaribio yote yalikuwa yamepita. Hapa naomba msome polepole. Majaribio yalipita kwa sababu yaliandikwa na yule yule aliyekosea kuelewa. Kama unaamini saa nne ni 04:00, utaandika jaribio linalouliza "je, saa nne imewekwa 04:00?" nalo litajibu ndiyo. Mtihani umetungwa na mtahiniwa.

Kuna abiria mmoja wa Shela aliyeandika Kiamu safi: "Ndoo unitukue Shela," yaani njoo unichukue Shela. Mfumo ukamwandikia mzigo: ndoo moja.

Naendelea, maana kuna la pesa.

Mnaotumia Daraja, ile njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, mnajua malipo yana majibu mawili. Ukituma ombi, jibu la kwanza hurudi papo hapo na namba 0, maana yake "ombi limepokewa". Mteja bado hajaweka namba yake ya siri. Jibu la pili huja baadaye kwenye anwani ya seva yako, na hilo ndilo lenye habari: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi. Chombo kilisoma ile 0 ya kwanza kikamwandikia abiria "amelipa". Msimbo ulikuwa msafi, majina mazuri, maelezo kila mstari. Siku ya tatu ya kujaribu, nahodha alipakia watu kumi na wanne na fedha zilizoingia zilikuwa za watu tisa. Tofauti ile niliilipa mwenyewe, kwa sababu aliyesema "mfumo uko tayari" ni mimi. Na nilipokionyesha chombo kosa, kilirekebisha kwa dakika mbili, kikaongeza na kinga nisiyoiomba, kwamba jibu la pili likija mara mbili lisihesabiwe mara mbili. Kwa hiyo sisemi hakijui. Kinajua ukikielekeza pa kutazama, na wa kukielekeza ni mtu anayejua malipo yanavyotembea.

Dada mmoja hapo juu ameniuliza: "Sasa kwa jumla umeharakishwa au umecheleweshwa?"

Dada yangu, swali hili limewagonganisha hata watafiti. Mwaka 2022 GitHub walifanya jaribio na watu 95, kila mmoja aandike seva ndogo ya wavuti kwa lugha ya JavaScript. Waliosaidiwa na Copilot, chombo chao cha akili unde, walimaliza kwa wastani wa saa 1 na dakika 11, wasiosaidiwa saa 2 na dakika 41. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti kiitwacho METR kikachukua waandishi 16 wazoefu, kila mmoja ndani ya mradi alioufanyia kazi miaka, kazi 246 kwa jumla. Waliporuhusiwa kutumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na baada ya kumaliza, wenyewe waliamini kwamba wameharakishwa kwa asilimia 20. Vyombo vimebadilika tangu hapo na vinaendelea kubadilika, ila lile la kuamini umekimbia kumbe umechelewa mimi nimelipata mwilini. Kazi mpya, ya kuanza sifuri, kwangu inakwenda mbio. Mfumo wa zamani nilioujenga mwenyewe, ambao kila kona naijua, mara nyingi nikikiachia chombo natumia nusu ya siku kusoma mambo ambayo ningeyaandika kwa robo saa.

Kwa hiyo siku yangu imegeuka. Zamani niliandika kutwa na kusoma kidogo. Sasa nasoma kutwa. Kusoma msimbo wa mwingine kunachosha kuliko kuandika wako, na usiku macho yananiuma. Sijasikia watu wakilisema hili.

Kaka wa Malindi ameandika kwamba hili si geni, kwamba hata mwaka 1957 kikundi cha John Backus wa IBM kilipotoa FORTRAN, lugha ya kuandikia programu, wapo waandishi wa maagizo ya mashine walioipinga, na kazi ikazidi badala ya kupungua. Kweli kabisa, kaka, nakubali. Ila kuna tofauti moja kubwa. Kikusanyi cha FORTRAN, yaani programu inayogeuza lugha hiyo kuwa maagizo ya mashine, ukikipa maneno yale yale leo na kesho, kinakupa matokeo yale yale, na mtu akishakihakiki, analala. Hiki cha sasa ukikiuliza mara mbili unaweza kupata majibu mawili, yote yamevaa kanzu nyeupe. Ndiyo maana huwezi kuacha kutazama kilichotoka, kama tulivyoacha kutazama kinachotoka kwenye kikusanyi.

Na umeandika pia, kaka, kwamba haya ni mambo ya Nairobi na California, pwani sisi ni watazamaji. Hapo sikubaliani nawe, tena wewe wa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 kutoka Ngomeni, hapo jirani yako, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru. Setilaiti ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la kurushia lilikuwa la Waitaliano, bahari na jina vikawa vyetu. Baba zetu waliangalia moshi ukipanda. Safari hii chombo kiko juu ya meza yangu Mkomani kwa kama dola 20 kwa mwezi, yapata shilingi 2,600, nami ndiye ninayeagiza. Pesa hiyo ni nyingi kwa kijana asiye na kazi, najua. Lakini umbali kati yetu na kazi yenyewe haujawahi kuwa mfupi hivi, na mtu wa kukiambia chombo kwamba maji hayajai saa ile ile kila siku lazima atoke huku.

Sasa linaloniuma.

Ninao vijana wawili wanaojifunza kwangu. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti ikalemaa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mmoja wa vijana alikuwa amekuja kumaliza ukurasa mdogo wa orodha ya vyumba vya nyumba ya wageni. Nilimkuta amekaa, mikono mapajani, kompyuta iko wazi, umeme upo, kila anachohitaji kimo ndani ya mashine. Nikamuuliza, "Kulikoni?" Akasema, "Dada, mtandao haupo." Nikamwambia kazi hii haihitaji mtandao. Akanyamaza. Nikaketi karibu naye, nikafungua msimbo wake wa wiki iliyopita, nikaweka kidole kwenye mstari mmoja: huu uko hapa kwa nini? Akasema, "Uliandikwa tu, nikaona unafanya kazi." Kijana huyu ana akili, anaswali, anafika kabla yangu kila siku. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyempa chombo kabla sijampa kazi.

Mjomba wangu ni fundi wa majahazi Matondoni. Kwake mwanagenzi haanzi na kukata mbao. Huanza na kalafati: pamba iliyolowa mafuta, patasi butu, nyundo, anaishindilia pamba katikati ya mbao na mbao, mshono kwa mshono, miezi na miezi. Ni kazi ya kuumiza magoti na haina sifa. Lakini akishamaliza jahazi mbili tatu anajua wapi maji hupenda kuingilia, na siku akikata ubao wake wa kwanza, anaukata akiujua mshono. Na sisi tulikuwa na kalafati yetu. Kurekebisha kosa dogo kwenye fomu, kuandika majaribio, kuhamisha data kutoka kwenye jedwali la mteja, kusoma ujumbe wa hitilafu hadi saa nane za usiku. Kazi hizo ndizo alizokuwa akipewa mgeni, na ndizo hasa akili unde imezichukua kwanza.

Marekani wameshaanza kuliona kwenye ajira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitazama kumbukumbu za malipo za mamilioni ya wafanyakazi, na Agosti 2025 wakaeleza kwamba ajira ya waandishi wa programu wa umri wa miaka 22 hadi 25 imeshuka karibu asilimia 20 kutoka kilele chake cha mwishoni mwa 2022, huku wakubwa zao kazini wakiwa hawajaguswa hivyo. Waajiri wanamtaka fundi. Fundi wa mwaka 2035 atatoka wapi, sijaona anayelibeba swali hilo kama lake.

Nimeulizwa na mzee mmoja, shikamoo mzee wangu, "Basi wewe unawafundishaje hao wawili?"

Nimebadilisha mengi, na mengine bado najaribu. Asubuhi hadi adhuhuri hawafungui chombo. Waliandika ile sehemu ya malipo ya boti upya kwa mikono yao, mwezi mzima, na wakakosea yale yale iliyokosea mashine, pamoja na mengine yao. Sasa ukiwaamsha usiku ukawauliza 1032 ni nini, watakwambia. Mchana wanaruhusiwa kukitumia, ila mstari wasioweza kuueleza hauingii. Mara moja kwa wiki naharibu kitu makusudi kwenye nakala ya mfumo, nawaachia watafute. Na nimewapeleka gatini. Walilalamika mwanzo, wakasema dada, sisi tumekuja kusomea kompyuta. Siku ya pili mmoja akarudi na daftari limejaa: nani anapakia mbuzi, nani hulipia wanafunzi nusu nauli, nahodha gani hapokei mtu asiye na jaketi la kuokolea. Hakuna hata moja la hayo lililokuwa kwenye mfumo wangu.

Wateja nao. Nimeona wengi humu mnalia kuhusu bei, na kilio chenu ni changu. Mwenye nyumba moja ya wageni aliniambia bei yangu ni ya zamani, mpwa wake atamfanyia kwa usiku mmoja bure. Akafanya, na tovuti ilipendeza kuliko nyingi za kwangu. Miezi miwili baadaye akaniita kuhusu jambo jingine kabisa. Nikaona anwani ya ukurasa wa kuweka nafasi inaishia na 41. Nikabadilisha nikaandika 42. Ikatokea picha ya pasipoti ya mgeni mwingine, jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, kila kitu. 43, vivyo hivyo. Bila nywila. Nilihisi kama nimefungua mlango wa chumba cha watu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvujaji wa namna hiyo, ukiwa na hatari kwa wenye data, uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72, na mwenye nyumba hakuwa amewahi hata kuisikia. Yule mpwa hakuwa mzembe. Aliomba "tengeneza tovuti ya kuweka nafasi" akapewa tovuti ya kuweka nafasi. Hakujua kwamba kuna swali la pili la kuuliza: nani aruhusiwe kuona nini.

Tangu hapo nimeacha kutoza kwa siku za kuandika. Kwenye karatasi ya bei naandika mambo matatu: kukaa na watu wako hadi nijue kazi yako, kuhakiki, na kuja usiku mambo yakiharibika. Wapo waliokataa wakaenda. Wengi wamebaki, nadhani kwa sababu hiyo ya tatu.

La mwisho nililoulizwa, "Je, mwanangu amemaliza kidato cha nne, anapenda kompyuta, nimwambie aache?"

Mama, usimwambie aache. Muulize anapenda nini ndani yake. Kama anapenda kukaa na jambo hadi alielewe, hata likimkera, mlete. Kama anapenda kuona kitu kikitokea haraka kwenye kioo, hilo sasa linapatikana bila kusomea, na karo yako itaumia. Na ukimleta kwangu, namtahadharisha mapema kwamba miezi ya kwanza atachoka na atadhani namficha kitu kizuri.

Naomba waliobaki bila jibu wanisubiri. Kesho maji yanajaa saa tano kasorobo, manahodha wanataka kuujaribu mfumo na abiria wa Kizingitini kwa mara ya kwanza bila daftari la karatasi, na vijana wangu wote wawili watakuwa ndani ya boti. Nitarudi hapa baada ya magharibi, nieleze kilichotokea.